Nani Alifyeka Shamba Hili?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka pande za Njoro, Molo na Kuresoi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Tunashukuru kwamba mmefika, tena wengine kwa miguu, na barabara zetu wakati wa mvua mnazijua. Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mikopo ya mzunguko. Hayo tumeyaweka mwezi ujao. Leo tunataka tukae na neno moja ambalo limetuharibia vikundi vingi kuliko hata pesa zilizopotea. Neno lenyewe ni "mgeni."

Mwaka juzi tulikuwa kwenye mkutano wa wadi wa kujadili bajeti ya kaunti. Mama mmoja alisimama akaomba dipu ya zamani ya ng'ombe itengenezwe, maana kupe wanamaliza ndama. Kabla hajamaliza, kijana mmoja akasema kutoka nyuma, "Nyinyi ni wageni hapa. Mgeni haombi dipu, anaomba nauli." Watu wakacheka. Mama akaketi. Aliyekuwa akiandika akaandika jambo lingine, la taa za sokoni, na mkutano ukaendelea.

Yule mama alizaliwa kwenye shamba lile lile, katika laini za wafanyakazi, na mama yake pia alizaliwa hapo hapo. Yule kijana naye si mtu mbaya, tunamfahamu, hata kwenye kikundi cha kupanda miche huja. Alilolisema hakulibuni yeye. Amelirithi, kama tulivyorithi ile dipu yenyewe, saruji ya mlowezi na paa lisilo na mabati. Ndipo sisi tukajiuliza: neno hili liliingiaje katika mashamba haya, na nani alifaidika nalo kwanza?

Hebu turudi nyuma kidogo. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Wakati huo bonde hili lilikuwa malisho ya Wamaasai, na msitu wa Mau ulikuwa makao ya Waogiek na mizinga yao. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilijipa kwa sheria uwezo wa kuwagawia walowezi ardhi. Mwaka 1903 Lord Delamere akapata ekari 100,000 upande wa Njoro, kwa miaka 99. Mwaka 1904 Wamaasai wakatiliana mkataba na serikali wahame kandokando ya reli, wengine waende Laikipia, wengine kusini. Waliambiwa mkataba huo utadumu muda wote ambao Wamaasai watakuwapo duniani. Haukumaliza hata miaka 10. Mwaka 1911 wakaambiwa watoke Laikipia pia. Walikwenda kortini, jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni, na mwaka 1913 korti ikawaambia kwamba huo ulikuwa mkataba baina ya dola mbili, kwa hiyo korti haina la kusema.

Hapo ndipo ardhi ilipopakwa rangi. Ekari kama milioni 7 na nusu za nyanda za juu zikawa za Wazungu peke yao. Mhindi, hata awe na pesa namna gani, hakuruhusiwa kununua shamba huku. Aliachiwa duka mjini. Mwafrika aliruhusiwa kuingia kwa sababu moja tu, kufanya kazi, tena awe na kipande shingoni. Kila kabila likachorewa rizavu yake, na ukionekana nje ya rizavu yako bila kibali wewe ni mtu wa kurudishwa. Mnaona mambo yalivyopangwa? Rangi iligawa nchi juu, kabila likagawa watu chini. Babu zetu walikuwa na wageni wao, ndiyo, na walipigana pia, hatusemi walikuwa malaika. Lakini mgeni wao aliweza kupewa kigoda, akalishwa, akaoa, akawa mwenyeji. Huyu mgeni asiyeweza kuwa mwenyeji hata vizazi vitatu vipite, huyu alitengenezwa ofisini.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo kwenye mikutano yetu haisemwi. Tumezoea kusema "serikali ya mkoloni" kana kwamba kila kitu kilitoka London. Sivyo. Sheria ya mwaka 1918 ilisema skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1920, walowezi wakapewa mabaraza yao ya wilaya, Nakuru likiwa mojawapo, na Naivasha vilevile. Kisha ikaja sheria ya 1937, iliyoanza kutumika mwaka 1940, ikayapa mabaraza hayo uwezo wa kuamua skwota atalima ekari ngapi, atafuga mnyama gani, na atafanya kazi siku ngapi, 240 au hata 270. Yaani ng'ombe wa babu yako walihesabiwa na serikali ya mtaa. Waliohesabu walikuwa majirani, watu waliojua jina la kila mto hapa. Walikuwa na ajenda, walikuwa na mwandishi, walipiga kura. Mwafrika hakuwa na kiti.

Wazee wetu walikuwa na jina la ile kampeni ya kuwaondolea maskwota mifugo, tangu miaka ya 1920. Waliiita kifagio. Unakaa umekaa, unafagiliwa.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mikutano ya wadi ni mambo madogo madogo, kwamba siasa kubwa iko Nairobi, sisi hatukubali. Ubaguzi wa rangi katika Bonde la Ufa ulifanyiwa kazi na baraza la wilaya, kwa kalamu, mwaka baada ya mwaka. Tukitaka kuuondoa na yale uliyoyazaa, kazi ni ya namna ile ile: kalamu, kiti, kumbukumbu za mkutano.

Chukueni Olenguruone, maana wengine mmetoka huko asubuhi hii. Mwaka 1941 serikali ilipeleka huko Wakikuyu waliokuwa wametolewa kwenye mashamba ya walowezi na sehemu za Wamaasai. Wao walielewa kwamba wamepewa ardhi badala ya ile iliyopotea. Serikali ikasema la, nyinyi ni wapangaji, tieni sahihi masharti haya ya kilimo. Walikataa. Walikula kiapo, wanaume, wanawake na hata watoto, na kati ya 1948 na 1950 wakafukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta kwenye ukame. Baadaye wakaja wengine, Wakipsigis kwa wingi. Mwaka 1992 Olenguruone na Molo ziliwaka moto. Mwaka 2008 zikawaka tena. Mahali pamoja, na kila aliyewahi kukaa hapo, Mwogiek, Mmaasai, Mkikuyu, Mkipsigis, kwa zamu yake amesikia neno "ondokeni." Kila mmoja anakumbuka siku aliyoambiwa yeye. Siku aliyoambiwa jirani haikumbuki vizuri.

Mtauliza, uhuru ulipokuja si rangi iliondolewa? Iliondolewa kwenye karatasi. Mwaka 1960 kizuizi cha rangi katika umiliki wa mashamba kiliisha kisheria, na kuanzia 1962 ukaja mpango wa ekari milioni moja, uliowapa makao jamaa kama 35,000. Lakini ardhi ilinunuliwa. Mlowezi alilipwa, na mwananchi akabeba mkopo. Wenye pesa walinunua, wengine wakachanga katika kampuni na vyama vya kununua mashamba, na aliyekuwa skwota tangu babu yake, bila shilingi ya malipo ya kwanza, akabaki kandokando ya ua. Hakuna aliyeuliza nani alifyeka shamba hili. Waliuliza nani ana pesa mkononi. Mlowezi akaenda zake, na sisi tuliobaki tukaanza kutazamana kwa macho yale yale aliyotutazama nayo.

Leo sheria inasemaje? Tutapita haraka, maana karatasi mnazo mkononi. Katiba ya 2010, ibara ya 174, inataja kulinda maslahi na haki za walio wachache na waliotengwa miongoni mwa malengo ya ugatuzi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya chini zinapotokea zijazwe na watu wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti. Sheria ya utangamano ya 2008 inasema ofisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Mnaweza kuomba kuonyeshwa hesabu hizo, tena kwa barua, si kwa kelele. Msione haya kuandika kwa Kiswahili, ni lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Na kila mtu ana haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa bunge la kaunti.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya utamaduni, maktaba na makumbusho. Yaani historia ya mahali ni kazi ya kaunti, kama vile dipu, zahanati na barabara za kijijini. Inaweza kuwekwa katika mpango wa miaka 5 na katika bajeti. Tumekaa miaka mingi tukifikiri historia ni ya maprofesa.

Tunaona matokeo yake. Mwaka mmoja tulitembea na akina mama wa kikundi hadi ngome ya Lord Egerton, pale Ngata, iliyojengwa kuanzia 1938 hadi 1954. Nyumba ya vyumba 52 kwa mtu mmoja! Hadithi yake inayopendwa sana ni ya mapenzi, kwamba alikataliwa na mwanamke, akachukia wanawake wote. Tulipokuwa kwenye matatu tukirudi, mama mmoja akauliza, "Na waliobeba yale mawe, walilala wapi?" Hatukuwa na jibu. Yeye ndiye aliyetujibu. Baba yake wa kambo alikuwa fundi mawe upande huo. Alikumbuka nyundo yake, na kikohozi cha vumbi. Basi matatu nzima ikaanza kusema. Kabla ya kufika Njoro tulikuwa tumesikia historia ambayo haipo katika kitabu chochote tulicho nacho.

Na Waogiek. Mwaka 2017, tarehe 26 Mei, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliamua kwamba Kenya imevunja haki zao kwa kuwatoa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi 157,850,000, na ardhi yao ipimwe na kupewa hati ya pamoja. Walikuwa wameomba pia mnara wa ukumbusho. Hilo mahakama haikulikubali, ilisema hukumu yenyewe inatosha. Sisi hatubishani na majaji. Lakini hukumu iko kwenye faili, na mtoto anayechunga mbuzi hapitii faili akienda mtoni. Kuweka alama ya ukumbusho hakuhitaji Arusha. Kunahitaji wadi ikubaliane, na kukubaliana ndiyo shida.

Tulijaribu. Tutawaambia na makosa yetu.

Baada ya ule mkutano wa dipu, tuliliomba lile eneo, pande zote mbili, liandike historia ya shamba lao tangu kabla ya mlowezi. Kosa letu la kwanza: tulikutana nyumbani kwa mwenyekiti wa upande mmoja, kwa kuwa ana sebule kubwa na viti. Kosa la pili: tulimpa mwanawe kalamu. Saa haijaisha, nusu ya watu walikuwa wametoka nje, na mzee mmoja akatuambia waziwazi, "Nyinyi watu wa kanisa mmekuja kutuandikia kesi." Alikuwa na haki. Tulirudi ofisini tumenyamaza, tukakaa miezi miwili.

Mara ya pili tulikutana kwenye dipu yenyewe, juu ya nyasi. Daftari zikawa mbili, na kila jioni zikasomwa kwa sauti, kila upande ukisikia la mwenzake. Hatukuanza na swali la nani alikuja kwanza. Swali hilo ni petroli. Tuliuliza, ulifanya kazi gani hapa, au mzazi wako alifanya nini? Ndipo mambo yakatoka. Mkipsigis mmoja, baba yake alikuwa mchunga ng'ombe wa maziwa. Mkikuyu mmoja, baba yake alikuwa dereva wa trakta, akafukuzwa wakati wa hali ya hatari pamoja na maelfu ya wengine, akarudi miaka mingi baadaye. Mturkana alikuwa mlinzi wa usiku. Mluhya alikuwa mpishi. Mzee mmoja Mwogiek alisikiliza siku mbili bila kusema, kisha akaonyesha kwa fimbo mahali miti ya mizinga ya babu yake iliposimama kabla haijakatwa. Hapo ndipo ilipochimbwa dipu.

Mtu mmoja alileta kipande cha baba yake, kimekunjwa ndani ya Biblia. Mwingine alileta hati ya hisa za mwaka 1968. Bibi mmoja akauliza mbona majina yote ni ya wanaume. Kweli, daftari za mshahara ziliandika wanaume, lakini pareto ya Molo ilichumwa na wanawake na watoto, vidole vikiwasha hadi usiku. Tukafungua ukurasa mpya. Ukajaa siku moja.

Ilitoka pia habari chungu. Babu wa mmoja wa viongozi alikuwa nyapara, na ndiye aliyewahesabia wenzake ng'ombe siku ya kifagio. Mjukuu alikuwepo. Alisimama, tukadhani anaondoka, kumbe alikwenda kujisaidia tu, akarudi akaketi mahali pale pale. Hakuna aliyesema neno. Siku hiyo tuliwaheshimu watu wale kuliko siku nyingine yoyote.

Kwa vikundi mtakaotaka kufanya hivi, tunashauri kwa nguvu: msiandike jina la mtu aliye hai kuwa alichoma au aliua. Hayo ni ya polisi na korti, na daftari likianguka katika mikono mibaya litakuwa silaha. Msimlazimishe mtu kusema. Mwenye kumbukumbu nzito asiachwe peke yake usiku ule. Tena msiwaahidi watu ardhi. Madai ya dhuluma za kale yalipewa miaka 5 ya kupelekwa kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, kuanzia Septemba 2016, na wengi walisikia habari hiyo muda ulipokuwa umekwisha mwaka 2021. Yeyote atakayekuja kuwauzia fomu, mwombeni barua ya tume kwanza. Karatasi za zamani, vipande, risiti, hati za hisa, zipigeni picha, na zenyewe zibaki kwa mwenyewe.

Basi zile pande mbili ziliandika ombi moja, kurasa mbili, sahihi 114 na alama za dole gumba, likapelekwa kwa bunge la kaunti. Waliomba dipu itengenezwe, na pembeni pawe na ubao wa historia ya shamba. Mkutano wa wadi uliofuata walikwenda pamoja wakaketi wamechanganyika, jambo dogo, lakini karani alilazimika kuandika. Yule kijana wa "nauli" ndiye aliyelisoma ombi, kwa sababu ana sauti. Mwaka huo dipu iliingia katika mpango wa maendeleo wa mwaka, ikatolewa kwenye bajeti, na mwaka uliofuata ikarudi. Mabati yameshawekwa, dawa bado. Hesabu zinaanza Septemba, bajeti inasomwa kufikia mwisho wa Aprili. Anayelala miezi hiyo asilaumu.

Ubao haukupata pesa. Wakaamua kuutengeneza wenyewe, mbao za mvule wa kuungaunga na rangi ya kuchangiwa. Kuna mabishano yaliyochukua Jumamosi tatu, majina ya makabila yafuatane vipi. Mwisho hawakuyaweka kabisa. Waliandika kazi: waliotundika mizinga, waliochunga, waliofyeka, waliokamua, waliochuma pareto, waliochimba dipu hii. Chini yake mwaka wa mlowezi kuja, mwaka wa kununuliwa.

Walipofika 1992 walikwama. Upande mmoja ulitaka neno moja, upande wa pili ulitaka lingine, na mama yule wa dipu akasema kwamba yeye alizika mtu mwaka huo na hataki neno lolote la haraka haraka. Fundi akaacha nafasi, upana wa mkono, imepakwa rangi nyeupe bila maandishi. Wamekubaliana kulijadili kila mwaka mwezi wa Januari, kabla ya kupanda. Wameshakaa mara mbili. Nafasi bado ni nyeupe, na juzi tulipopita tulikuta mtu ameipangusa matope.